Mwanao Anataka Simu? Kubalianeni Kwanza

Huenda, mzazi, ombi hili limekwisha kukufikia: "Mama, nataka simu yangu. Wenzangu wote wanazo." Ukimuuliza hao wenzake ni akina nani, atakutajia wawili au watatu. Hata hivyo, siku yaja utakapomnunulia, hasa ikiwa anapanda matatu peke yake kwenda shule nawe hurejea nyumbani usiku. La muhimu ni kwamba masharti yawekwe kabla ya simu kutolewa kwenye kisanduku. Ikishaingia mfukoni mwake, kila sharti litaonekana kuwa adhabu.

Anza na usingizi. Mnamo 2016, chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi cha Marekani kilipendekeza kuwa mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Sasa piga hesabu. Mtoto wa miaka 12 anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri ili aliwahi basi la shule, anapaswa kuwa amelala kufikia saa mbili usiku. Mwanga wa kioo cha simu huchelewesha homoni ya melatonini, ambayo huuarifu mwili kwamba wakati wa kulala umefika. Gumzo la marafiki nalo huuacha ubongo macho hata baada ya simu kuzimwa.

Kwa hivyo simu isilale na mtoto. Tengeni mahali pamoja sebuleni ambapo itachajiwa kuanzia saa moja na nusu jioni. Akisema anaihitaji imwamshe asubuhi, mnunulie saa ya mezani. Nawe weka yako hapo hapo (na hapa ndipo wazazi wengi tunaposhindwa!), kwani hatatii sharti ambalo baba yake analivunja akiwa kitandani.

Kama haja yako ni kujua amefika salama, simu ndogo ya vitufe, hii tuiitayo mulika mwizi, inatosha kabisa. WhatsApp yenyewe humtaka mtumiaji awe ametimiza angalau miaka 13. Pia mfunze asimpe yeyote nambari ya siri ya M-Pesa, hata anayedai ni mfanyakazi wa kampuni ya simu au kwamba ametuma pesa kimakosa.

Kuna sharti moja linalokuhusu wewe mwenyewe. Mtu asiyemjua akimwomba picha zake, au mwenzake akimtumia picha za uchi, je, atakuambia? Watoto wengi hunyamaza kwa kuhofia kunyang'anywa simu, na anayewasumbua anaijua vyema hofu hiyo. Basi mwahidi mapema, kwa maneno yaliyo wazi: "Ukiniambia, sitakupiga wala sitachukua simu." Kisha siku hiyo ikifika, itimize ahadi hata kama umekasirika. Usimgombeze, wala usifute ujumbe huo, kwani ni ushahidi. Mzuie aliyeutuma asiweze kumfikia tena, kisha piga ripoti kwa polisi. Unaweza pia kupiga nambari 116, ya kuwasaidia watoto, bila malipo, mchana au usiku. Mtoto naye aihifadhi nambari hiyo katika simu yake siku ile ile unapomkabidhi.