Nyumba ya matofali ya kuchoma (Ufipa)

Nyumba ya matofali ya kuchoma ni aina ya nyumba inayoonekana sana mjini Sumbawanga na katika vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania. Kuta zake ni za matofali ya udongo yaliyochomwa katika tanuri mpaka yakawa mekundu. Paa huwa la bati, au la nyasi kwa mwenye uwezo mdogo.

== Asili ==

Uwanda wa Ufipa uko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Zamani nyumba za Wafipa zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Hata hivyo, kazi ya moto na udongo haikuwa ngeni kwao. Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, yaani matanuri ya udongo yanayozidi kimo cha mtu. Baadhi yake bado yamesimama, na mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameyachunguza kwa kina.

Tofali lenyewe lilienea kwa njia ya misheni. Mwaka 1879 Wabelgiji walianzisha kituo chenye ngome huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika (leo mkoa wa Katavi). Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadre Weupe. Kutoka ziwani walipanda uwandani, wakajenga makanisa, shule na nyumba za mapadre kwa matofali. Vijana waliofanya kazi hapo walijifunza uashi, na ufundi huo ukaingia vijijini.

Miaka hiyohiyo, mwishoni mwa utawala wa Malkia Victoria (1837–1901), miji ya Uingereza ilikuwa ikijaa nyumba za matofali mekundu zilizounganishwa kwa safu, jirani na jirani wakitumia ukuta mmoja. Kwetu mpangilio wa namna hiyo hujulikana kama kota. Nyumba ya Ufipa kwa kawaida husimama peke yake, lakini tofali lake na lile la Uingereza ni ndugu: wekundu wa yote mawili hutokana na madini ya chuma yaliyomo katika udongo, ambayo hubadilika rangi yanapopata moto na hewa.

== Kufyatua na kuchoma ==

Kazi hufanyika wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, kwa sababu mvua moja ikinyesha huharibu matofali mabichi yote. Udongo hukandwa kwa maji, hufyatuliwa kwa kibao cha mbao, kisha matofali hukaushwa taratibu yakiwa yamefunikwa nyasi. Yakikaushwa haraka juani hupasuka.

Tanuri ni matofali yenyewe yaliyopangwa. Chini huachwa matundu ya kuingizia kuni, na nje hukandikwa udongo ili joto lisitoroke. Moto huwaka usiku na mchana. Matofali ya katikati huiva vizuri. Ya pembeni mara nyingi hubaki mabichi nusu. Ukigonganisha mawili yaliyoiva hulia kama chuma; yasiyoiva hutoa mlio mzito, na yakilowekwa humeguka. Mnunuzi asione haya kuyagonga mbele ya muuzaji.

Tatizo kubwa ni kuni. Viwanda vya Uingereza vilichoma kwa makaa ya mawe yaliyosafirishwa kwa reli. Uwanda wa Ufipa sehemu kubwa ni mbuga za nyasi, kwa hiyo kila tanuri hula miti ambayo tayari ni michache. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umewahi kuhimiza matofali ya kufungamana, ambayo ni udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine bila kuchomwa.

== Ukuta ==

Nguvu ya ukuta haimo katika tofali peke yake. Kila tofali linapaswa kukalia kiungo cha yaliyo chini yake, la sivyo ufa hupanda moja kwa moja kutoka msingi hadi paa. Ukuta mnene wa nyumba ya Kiingereza ulikuwa na matofali mengine yaliyolazwa kukingama, yakionesha kichwa nje, ili kuufunga upande wa ndani na wa nje. Vijijini Ufipa wengi hujenga ukuta mwembamba wa upana wa tofali moja, na kuunganisha kwa tope badala ya saruji au chokaa. Ukuta huo hubeba paa bila shida na hukaa miaka mingi ukikingwa na mvua. Udhaifu wake hujitokeza pale ardhi inapotikisika.

== Matetemeko ya ardhi ==

Ufipa iko katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipata tetemeko la ukubwa wa 7.4 hivi, mojawapo ya makubwa kabisa kuwahi kupimwa Afrika Mashariki. Wanajiolojia wamelihusisha na ufa wa Kanda, unaopita juu ya uwanda wenyewe. Wakati ule nyumba nyingi zilikuwa nyepesi, za miti na nyasi. Leo ni nzito.

Mfano wa karibu ni Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016. Tetemeko la 5.9 liliua watu zaidi ya 15 na kubomoa mamia ya nyumba, nyingi zikiwa za matofali yasiyofungwa kwa nondo. Nishati ya tetemeko la 1910 ilikuwa zaidi ya mara 150 ya hilo.

Kinga yake si ghali kama watu wanavyodhani. La kwanza ni mkanda wa zege wenye nondo, unaozunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha bila kukatika. La pili ni kutoweka dirisha karibu na pembe ya nyumba. La tatu ni kuepuka pembetatu ya matofali chini ya paa, kwani ndiyo huanguka mapema. Mahali pake huweza kuwekwa mbao au bati.