Katabi, Kinjeketile na Yesu wa Nazareti

Pale stesheni ya Mpanda, abiria wa treni ya Tabora hukaa juu ya mizigo yao na kuzungumza lolote. Siku moja mazungumzo yalimwangukia Yesu. Kijana mmoja aliyekuwa akirudi chuoni alisema amesoma kwamba Yesu hakuwahi kuishi, ni hadithi tu iliyotungwa. "Kama aliishi, mifupa yake iko wapi?"

Mzee mmoja aliyekalia gunia la mchele akamtazama. "Na Katabi je, mjukuu wangu? Mifupa yake umeiona?"

Swali hilo lilinikaa kichwani, maana huku kwetu nani asiyemjua Katabi? Mkoa wetu wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, una jina lake, na hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1974 inalo vilevile. Wabende na Wapimbwe husimulia kwamba alikuwa mwindaji hodari, na roho yake inakaa kwenye mkwaju kando ya Ziwa Katavi. Mpaka leo wapo wanaoweka sadaka chini ya mti huo ili wapate baraka zake.

Tuanze na mifupa. Warumi walisulubisha maelfu ya watu, lakini ilikuwa mwaka 1968 ndipo wanaakiolojia walipopata, katika kaburi moja la Yerusalemu, mfupa wa kisigino ambao msumari wake ulikuwa bado umo. Mwenyewe aliitwa Yehohanan. Jina lake lilichorwa kwenye sanduku la mifupa. Ncha ya msumari ilikuwa imepinda, na inaelekea ndiyo sababu waliomzika walishindwa kuuchomoa. Msumari ule ungenyooka, tusingejua kwamba alisulubiwa. Kwa mtu wa kijijini wa zama zile, kukosekana kwa mifupa hakuthibitishi lolote.

Wanahistoria huuliza swali jingine: kati ya tukio na msimulizi pana umbali gani? Hapa nchini tunao mfano mzuri. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, wakiongozwa na wasomi kama Gilbert Gwassa na John Iliffe, walikwenda kuwasikiliza wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji. Wazee walimsimulia Kinjeketile wa Ngarambe: pepo aitwaye Hongo alimvuta ndani ya maji, na siku ya pili akaibuka nguo zake zikiwa kavu. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Sijasikia mwanahistoria hata mmoja akisema kwamba, kwa kuwa nguo kavu hazisadikiki, basi Kinjeketile hakuwepo. Muujiza hupimwa kwa mizani yake, na mtu kwa yake.

Sasa hesabu. Kutoka 1905 hadi 1968 ni miaka 63. Yesu aliuawa mnamo mwaka 30. Injili ya Marko, ambayo wataalamu wengi huiona kuwa ya kwanza, iliandikwa mnamo mwaka 70, yaani miaka 40 tu baadaye. Barua za Paulo ni za miaka ya 50, na katika ile kwa Wagalatia anaeleza kwamba alikaa na Petro siku 15, akaonana pia na Yakobo, nduguye Yesu. Hadithi tupu haina ndugu wa kuonana naye.

Wapo pia mashahidi wasio na mapenzi. Myahudi Josephus, mnamo mwaka 93, anataja kuuawa kwa Yakobo huyo huyo. (Mahali pengine maneno yake yalitiwa chumvi na wanakili Wakristo, kwa hiyo wataalamu hupasoma kwa tahadhari.) Mrumi Tacitus, aliyewadharau Wakristo, aliandika mnamo mwaka 116 kwamba mwanzilishi wao aliuawa na Pontio Pilato. Jiwe lenye jina la Pilato lilifukuliwa Kaisaria mwaka 1961.

Kwangu mimi hoja nzito kuliko zote ni fedheha. Msalaba ulikuwa kifo cha watumwa na waasi. Mtu anayetunga mkombozi wa kuwavutia watu angemtungia kifo cha aibu namna hiyo kwa faida gani? Wakanushaji wamekuwepo, kama Mjerumani Arthur Drews aliyeandika mwaka 1909, na ni kweli kwamba Paulo anasema machache mno kuhusu maisha ya Yesu. Hata hivyo Bart Ehrman, msomi asiye muumini, alitoa kitabu kizima mwaka 2012 kutetea kwamba Yesu aliishi. Kufufuka ni habari ya imani, na hakumo katika hesabu hii.

Katabi je? Wamisionari walikabidhiwa kituo cha Karema, huku huku kwetu, mwaka 1885, na kalamu ikaja nao. Kama aliishi, inaelekea aliishi kabla ya kalamu. Hana barua wala adui aliyemtaja. Tena uwindaji wenyewe unanitia shaka: Mbegha wa Usambara naye ni mwindaji, na mwindaji shujaa ni mtu anayehama kutoka simulizi moja kwenda nyingine. Jina la mahali nalo linaweza kumzaa mtu, badala ya mtu kulizaa jina. Lakini mlango haujafungwa. Wabende wakisimulia kivyao, Wapimbwe kivyao, bila kusikilizana, kisha wakakutana kwenye jambo dogo lisilomtukuza Katabi, hapo mizani itasogea. Kazi hiyo inawataka wazee walio hai, nao wanapungua kila mwaka.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasogea karibu na gunia. "Babu, habari za Katabi wewe ulizipata kwa nani?"

"Kwa bibi yangu mzaa mama," mzee alijibu. "Naye aliambiwa na kaka yake, aliyekuwa akivua samaki kule ziwani."

Kijana akatoa simu, akaiwasha irekodi, akamwomba aanze upya.