Mvumo wa Gurudumu la Mbele: Utambuliwe Kabla ya Kununua Vipuri

Miongoni mwa mali za chama cha msingi, ni chache zinazotumikishwa kwa bidii na kutunzwa kwa kubahatisha kama pikapu. Asubuhi hubeba mbolea, mchana huwapeleka wajumbe mkutanoni, na jioni hurudi na magunia ya mazao kwa njia ambayo haijapata kuona greda tangu masika. Dereva wa gari la namna hiyo huzoea makelele ya kila aina, na kelele mpya inapozuka huhesabiwa pamoja na zile za zamani. Makala haya yanahusu kelele moja ambayo haifai kuzoewa hata kidogo, nayo ni mvumo utokao katika beringi za gurudumu la mbele. Tunawaandikia makatibu na wanachama, wala si mafundi peke yao, kwa sababu katibu ndiye atiaye sahihi katika hati ya malipo, na mwanachama ndiye mwenye fedha zinazolipwa.

Chama kimoja, ambacho hakuna faida kukitaja, kilikuwa na pikapu iliyoanza kuvuma kila ilipofikia mwendo wa kilometa 50 kwa saa. Dereva alimweleza katibu, katibu akamwita fundi, naye fundi, pasipo kuinua gurudumu lolote, akasema kwamba tatizo ni tairi. Zikanunuliwa tairi mbili mpya. Mvumo ukabaki palepale. Akasema basi ni shokamzoba. Zikanunuliwa nazo, na mvumo ukazidi. Katika wiki ya tatu, gari likiwa limebeba mbegu, gurudumu la mbele la kulia lilianza kutoa moshi, na lilipofunguliwa ikaonekana kwamba beringi ya nje imesagika na kuutafuna mhimili wenyewe. Hapo ilibidi kununua beringi, sili, habu na mhimili, na mbegu zikachelewa kuwafikia wakulima wakati mvua imekwisha kuanza. Hakuna aliyeiba katika kisa hiki. Kila mmoja alikisia tu, na chama kikalipia makisio yote.

Ili kelele hiyo ieleweke, yafaa kwanza kufahamu kilichomo ndani. Katika pikapu nyingi zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, na katika nyingi za zamani zinazosukumwa na magurudumu yote manne, gurudumu la mbele hufungwa kwenye habu, yaani kitovu cha chuma, nayo habu huzunguka juu ya mhimili mfupi ambao wenyewe hauzunguki. Kati ya viwili hivyo zimo beringi mbili, kubwa upande wa ndani na ndogo upande wa nje. Kila beringi ina rola za chuma kigumu zilizopangwa katika kizimba, zikiviringika kati ya koni iliyovikwa mhimili na kikombe kilichoshindiliwa ndani ya habu. Rola hizo zimechongwa nyembamba upande mmoja, na zimelala kimshazari. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi katika mji wa St. Louis nchini Marekani, alipata hataza ya beringi ya namna hiyo mwaka 1898. Yeye alikuwa ameona kwamba gari likikata kona uzito haukandamizi kwa chini tu, bali husukuma pia kwa ubavu, na kwamba beringi inapaswa kuistahimili misukumo yote miwili. Msomaji alishike jambo hilo la kona, maana tutalitumia punde hivi.

Beringi iliyowekwa vizuri na kupakwa grisi safi hudumu muda mrefu sana. Inayoiua mapema, katika barabara zetu, ni maji, vumbi, uzito uliopita kiasi na mkono wa fundi asiye makini. Kuhusu maji kuna jambo ambalo madereva wengi hawalijui. Habu iliyopata moto kwa mwendo mrefu ikizamishwa ghafla katika maji baridi ya mto, hewa iliyomo ndani yake husinyaa na kuyavuta maji kupitia sili, hasa kama sili imechakaa. Grisi hugeuka nyeupe kama uji mwepesi, kutu huanza kushika, na mahali palipoliwa na kutu rola hugongagonga kila inapopita. Ndiyo maana dereva mwenye busara akifika kwenye kivuko husimama kidogo kabla ya kuingia, na chama ambacho gari lake huvuka maji kila siku hakina budi kufungua habu zake na kuzikagua mara nyingi zaidi kuliko kitabu cha gari kinavyoagiza kwa barabara kavu.

Sasa tuje kwenye kusikiliza. Kazi hii ifanywe katika barabara iliyonyooka, tambarare na isiyo na watu, gari likiwa tupu, redio imezimwa na madirisha yamefunguliwa. Mvumo wa beringi hufuata mwendo wa gari, wala haufuati mwendo wa injini. Dereva akifikia kasi ambayo mvumo unasikika vizuri, aondoe gia na kuliacha gari litembee lenyewe kwa muda mfupi, injini ikiwa inanguruma polepole bila kuzimwa. Mvumo ukiendelea na kupungua taratibu kadiri gari linavyopunguza mwendo, injini haina lawama. Ukibadilika wakati uleule wa kukanyaga na kuachia mafuta, mashaka yaelekezwe kwenye difu au gia. Jaribio hili lisifanywe kamwe kwenye mteremko.

Baada ya hapo gari lipepesuliwe kidogo kushoto na kulia, kwa upole, katika mwendo wa wastani. Usukani ukielekezwa kushoto, uzito huegemea magurudumu ya kulia; ukielekezwa kulia, huegemea ya kushoto. Basi kama mvumo unazidi gari linapokwenda kushoto na kufifia linapokwenda kulia, beringi ya kushukiwa kwanza ni ya kulia. Tunasema ya kushukiwa, kwa kuwa sauti husafiri katika chesisi na huweza kumdanganya hata fundi mzoefu. Ushahidi wa sikio hautoshi kununulia vipuri.

Tairi ndiyo ihukumiwayo bila kosa mara nyingi zaidi, nayo kwa kweli huvuma kwa sauti inayofanana sana na ya beringi, hasa ikiwa imelika kwa mawimbimawimbi. Lakini mvumo wa tairi hubadilika barabara inapobadilika: kwenye lami husikika hivi, kwenye changarawe vingine, na kwenye mchanga laini hupotea. Mvumo wa beringi hubaki uleule. Asiyeridhika na jaribio hilo azipeleke tairi za mbele nyuma na za nyuma mbele, kama ni za kipimo kimoja, kisha aendeshe tena. Kelele ikihamia nyuma, tairi zimekiri. Shughuli hiyo huchukua muda wa saa moja na haigharimu chochote ila jasho la dereva na utingo. Chama tulichokitaja hapo juu kingejua ukweli siku ya kwanza.

Zipo pia kelele ndogondogo za kuondolewa njiani. Mkwaruzo mkali unaoanza ghafla baada ya kupita penye kokoto huenda ni jiwe lililonasa kati ya diski ya breki na bati la kukinga vumbi. Mlio unaotoweka mara breki inapoguswa kwa kawaida ni wa breki zenyewe. Mgongo wa mara kwa mara katika mwendo mdogo wataka kwanza zikaguliwe nati za gurudumu, maana nati zilizolegea ni hatari kuliko beringi mbovu.

Jaribio lenye uzito kuliko yote hufanywa gari likiwa limesimama. Lipelekwe mahali tambarare na pagumu, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu ya nyuma yawekewe kabari mbele na nyuma. Gurudumu la mbele liinuliwe kwa jeki, kisha gari liegemezwe juu ya stendi ya chuma au gogo nene lililokatwa sawasawa. Asiwepo mtu wa kuingiza hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, kwa kisingizio chochote cha haraka. Fundi ashike tairi kwa mikono miwili, mmoja juu na mwingine chini, halafu aitikise kwa kuvuta na kusukuma. Ikicheza, utingo akanyage breki kwa nguvu huku fundi akiendelea kutikisa. Breki ikikanyagwa, habu hushikamana na sehemu isiyozunguka. Kwa hiyo kucheza kukikoma, kasoro imo katika beringi au katika jinsi zilivyokazwa. Kukiendelea, kasoro iko nyuma yake, yaani katika boli jointi au kingpini. Na kama tairi haichezi juu na chini bali hucheza ikishikwa kushoto na kulia, basi tairodi endi ndizo za kuangaliwa kwanza.

Kisha breki iachiwe na gurudumu lizungushwe kwa mkono, huku mkono wa pili ukiwa juu ya springi au mahali pengine palipo imara karibu na habu. Beringi nzima huzunguka kimya. Beringi iliyoharibika huukwaruza mkono kama jiwe la kusagia lisilo na nafaka. Gurudumu la upande wa pili lipimwe vivyo hivyo, hata kama halishukiwi, kwa kuwa bila kulinganisha mtu hawezi kujua ukwaruzo upi ni wa kawaida. Hali kadhalika joto: baada ya safari ya kilometa kumi na tano hivi isiyokuwa na breki nyingi, habu moja ikiwa na moto kuliko mwenzake kwa tofauti iliyo dhahiri, hiyo ina neno la kusema. Mkono usogezwe polepole, maana habu mbovu huweza kuunguza.

Habu ikifunguliwa, grisi yote ya zamani iondolewe na beringi zisafishwe kwa mafuta ya taa au dizeli, si petroli, mbali na moto wowote. Zitazamwe mchana. Vishimo, mabaka ya kutu, magamba ya chuma yaliyobanduka au rangi ya samawati iliyoletwa na joto ni ushahidi wa kutosha. Koni na kikombe chake hubadilishwa pamoja. Fundi anayeweka koni mpya katika kikombe kilicholika anachelewesha tu safari ya kurudi kwake, na sili ya zamani haifai kurudishwa. Grisi iwe ni ile ya beringi za magurudumu, isichanganywe na nyingine, nayo isukumwe kwa kiganja hadi itokeze kati ya rola.

Kuhusu kukaza nati, hapa ndipo beringi mpya nyingi huuawa siku ileile zinapozaliwa. Ikikazwa mno, rola hukosa nafasi, grisi hukauka kwa joto na beringi huungua. Ikilegezwa mno, gurudumu huyumba na rola hupigapiga. Aghalabu nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa ili rola zikae mahali pake, kisha hulegezwa, kisha hukazwa tena kwa kipimo kidogo sana. Kipimo chenyewe hutofautiana baina ya gari na gari, nacho kimo katika kitabu cha gari. Nati inayofungwa kwa pini ipewe pini mpya.

Pikapu nyingi za miaka ya karibuni zina beringi iliyofungwa kabisa kiwandani, isiyotiwa grisi wala kukazwa. Majaribio ya kusikiliza, kutikisa na kuzungusha ni yaleyale, ila ikithibitika kuwa mbovu hubadilishwa nzima, na bei yake ni kubwa kuliko ya beringi za zamani. Kwa magari hayo, basi, kukisia ni ghali zaidi.

Tunawaomba makatibu wadai mambo mawili kabla ya kutia sahihi. La kwanza ni maelezo mafupi ya fundi yakitaja gurudumu gani lina kasoro na ni jaribio gani lililoonyesha hivyo. La pili ni kipuri cha zamani kirudishwe ofisini, kioneshwe kwa kamati pamoja na risiti. Kwa upande wa dereva, kitabu cha safari kina nafasi ya kuandika zaidi ya kilometa na mafuta. Aandike tarehe mvumo ulipoanza, mwendo unaposikika, upande wa usukani unaouzidisha, na kama gari lilivuka maji siku zilizotangulia. Mvumo ukipungua wenyewe pasipo matengenezo, hilo nalo liandikwe, wala gari lisidhaniwe kuwa limepona.

Likitokea swali la kama gari liendelee kubeba mazao hadi wiki iishe, jibu hutegemea jaribio la kutikisa. Mvumo mdogo katika gurudumu lisilocheza wala kupata joto huweza kuruhusu safari tupu, ya mwendo wa polepole, mpaka kwenye gereji. Gurudumu linalocheza, lenye moto au linalotoa moshi halina safari tena. Mzigo ushushwe hapohapo, hata kama ni katikati ya msimu wa ununuzi, na gari jingine likodiwe.