Tanzania: Sheria zinasemaje kuhusu mgeni anayetaka kununua ardhi au kupangisha nyumba?

Wafanyabiashara wengi wa Burundi hupitisha mizigo yao katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma. Baadhi yao, baada ya miaka ya kwenda na kurudi, hutamani kuwa na nyumba au ghala upande huo wa mpaka. Kwa kuwa nchi zote mbili ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wapo wanaoamini kwamba raia wa nchi moja aweza kununua kiwanja katika nchi nyingine bila kizuizi. Imani hiyo si sahihi, na yaweza kumpotezea mtu akiba ya maisha yake.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwezi Julai 2010, ilifungua milango kwa bidhaa, huduma, wafanyakazi na mitaji. Hata hivyo, ibara yake ya 15 inaeleza kuwa upatikanaji na matumizi ya ardhi na majengo yatafuata sera na sheria za kila nchi mwanachama. Kuhusu ardhi, basi, Mrundi aliyeko Tanzania ni mgeni kama wageni wengine.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatamka kwamba ardhi yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Hata raia hamiliki udongo wenyewe. Hupewa haki ya kuutumia kwa muda maalumu usiozidi miaka 99. Asiye raia hapewi haki hiyo isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Mamlaka ya uwekezaji ndiyo hushika hati, kisha humpatia mwekezaji haki inayotokana na hati hiyo. Tangu mwaka 2025 kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Uwekezaji na Maeneo Maalumu ya Kiuchumi, TISEZA. Njia nyingine ni kuingia ubia na raia katika mradi wa uwekezaji.

Kufungua kampuni hakubadili hali hiyo. Kampuni ambayo wenye hisa wake wengi si raia huhesabiwa kuwa ya kigeni. Ardhi ya kijiji nayo haiuzwi kwa mgeni kwa makubaliano na mwenyekiti wa kijiji; ni lazima kwanza ihamishwe kisheria na kuwa ardhi ya jumla.

Hapo ndipo wengi hushawishika kupita mlango wa nyuma: mgeni hutoa fedha, na rafiki au shemeji aliye raia huandikwa kwenye hati. Mbele ya sheria mmiliki ni yule aliyeandikwa. Akifariki, warithi wake hudai nyumba. Akigeuka, mwenye fedha hana pa kushika, kwa kuwa mkataba wenye lengo lililokatazwa na sheria ni batili, na mahakama haiwezi kuutekeleza.

Kwa aliyepata haki ya kumiliki jengo na kulipangisha, zipo kanuni nyingine. Sheria ya zamani iliyodhibiti viwango vya pango ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mkataba wa maandishi ndiyo ngao ya mwenye nyumba na ya mpangaji. Mpangaji anayefanya biashara hutakiwa kukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato. Kodi ya jengo nayo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme: tangu mwaka 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa kila ghorofa mijini. Kwa kuwa anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, inafaa mkataba useme fedha hiyo itarudishwa vipi na mwenye nyumba, anayestahili kuilipa.

Mwaka 2025 yaliongezeka mambo mawili. Mwezi Machi serikali ilipiga marufuku kutoza na kulipa kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, hivyo pango la dola halikubaliki tena. Mwezi Julai ikazuia wasio raia kufanya biashara 15 zilizotajwa, mojawapo ikiwa udalali wa nyumba na viwanja. Mgeni anayekiuka hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na raia anayemsaidia naye huadhibiwa.

Maelezo haya yahusu Tanzania Bara. Ardhi si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria zake.

Kwa mfanyabiashara anayehitaji tu pa kulala au pa kuhifadhi mali, kupanga kwa mkataba ulioandikwa kwa jina lake mwenyewe ni salama kuliko kununua kwa jina la mwingine. Anayetaka kujenga na aanzie kwenye mamlaka ya uwekezaji, kisha athibitishe umiliki wa kiwanja katika ofisi ya Msajili wa Hati. Hatua hizo zote zitangulie malipo, kwa maana fedha ikishatolewa kinyume cha sheria, kuirudisha ni kazi ngumu.