Tadaima, Mpenzi! Kijapani cha Ndani ya Nyumba

Mtu akisema anahamia Japani, la kwanza anatishwa na lugha. Jamani, lugha ya watu wale ngumu, herufi zenyewe kama michoro! Mimi nasema hivi: kwa Mswahili, kazi iko kwenye kusoma. Kuongea mbona tunaongea. Vokali zao ni tano zilezile, a, e, i, o, u, na karibu kila silabi inaishia na vokali kama ya kwetu. Samaki ni "sakana", yai ni "tamago". Si kama umezaliwa nayo? Chunga tu urefu wa sauti. "Obasan" ni mama wa makamo, "obaasan" ni bibi kizee, na sijaona mama wa miaka 45 anayefurahia kuongezewa hiyo "a".

Nilihamia Tsukuba Oktoba 2022. Ni mji wa chuo kikuu na watafiti, dakika kama 45 kwa treni ya haraka kutoka Akihabara, Tokyo. Mwenzangu alipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili, mimi nikamfuata kwa viza ya familia. Mliowahi kumfuata mtu mnanielewa: kwenye karatasi za serikali ghafla wewe ni tegemezi. Nina shahada ya mawasiliano, na kutwa nzima sina wa kuwasiliana naye! Yeye anatoka saa mbili asubuhi, maabara wanaongea Kiingereza, anarudi saa nne usiku hoi. "Umekula?" "Nimekula." Taa inazimwa. Miezi mitatu tukaishi kama wapangaji wawili wanaogawana bili ya umeme, na ukweli ni kwamba nilishaanza kuangalia bei za tiketi za kurudi.

Hodi na karibu

Kilichonishtua ni majirani wa chini, wazee wawili. Kila asubuhi bwana akitoka nasikia "itte kimasu", na bibi anaitikia "itterasshai". Akirudi, "tadaima", na ndani inajibiwa "okaeri". Kila siku, hata akitoka kununua maziwa tu. Nikafuatilia maana. Itte kimasu ni "naenda na nitarudi", itterasshai ni "nenda, urudi". Tadaima ni "nimefika", okaeri ni "karibu tena nyumbani". Kumbe ni kama hodi na karibu, shikamoo na marahaba! Moja ikitoka bila mwenzake, hewani kunabaki shimo.

Ndiyo maana sipendi vile vitabu vinavyokupa maneno mia moja ya kukariri. Kijapani cha kila siku kinakwenda kwa wito na itikio, na sisi tumelelewa hivyo hivyo. Jifunze jozi. Kabla ya kula, "itadakimasu", yaani napokea kwa unyenyekevu. Ukimaliza, "gochisoosama deshita", kumshukuru aliyekulisha. Ukiingia nyumba ya mtu, "ojama shimasu", naja kuwasumbua. Halafu kuna neno ambalo Wazungu wanahangaika kulitafsiri, sisi tunalo tayari: "otsukaresama". Ni pole na kazi, basi.

Hili la mwisho nililipata kazini. Ukiwa na viza ya familia unaweza kuomba kibali cha kufanya kazi, mwisho saa 28 kwa wiki, nami nikaingia kiwanda cha kufungasha vyakula. Zamu ya saa kumi na moja jioni, watu wanaingia wanasalimiana "ohayoo gozaimasu", habari za asubuhi! Kazini kwetu pale salamu ilifuata mwanzo wa zamu, saa ya ukutani haikuhusika. Mkitoka, kila mmoja anampa mwenzake "otsukaresama deshita". Usiku ule nilirudi nikitembea kama mtu mwenye ukoo.

Kukataa bila kukataa

Dukani, muuzaji atakuuliza kama unataka mfuko (tangu Julai 2020 ya plastiki inalipiwa). Jibu "daijoobu desu", niko sawa, na ataelewa kuwa hutaki. Ni kama sisi tukikaribishwa chakula, tunasema "asante, nimeshiba". Ukimwalika mtu akavuta pumzi, akasema "chotto..." halafu akanyamaza, usisubiri amalizie. Chotto ni "kidogo", ila hapo maana yake haji. Nani kati yetu hajawahi kujibiwa "nitaangalia" akajua imeisha hiyo?

Mezani, wale mnaopenda kulishana mahotelini punguzeni. Kupokezana chakula kijiti kwa kijiti ni mwiko, kwa sababu hivyo ndivyo ndugu wanavyopokezana mifupa ya marehemu baada ya mwili kuchomwa. Na usichomeke vijiti wima kwenye wali, ndivyo wanavyomwekea marehemu. Tambi za mchuzi, lakini, vuta kwa sauti upendavyo.

Sasa kwenye ndoa. Mwezi wa nane hivi tulikwenda manispaa kwa suala la bima ya afya. Mwenzangu, msomi wa watu, hakuelewa kitu. Mimi wa kiwandani nikaongea, nikauliza, nikaelekezwa dirisha namba ngapi. Nilidhani atafurahi. Njiani kimya, hadi kituo cha basi, ndipo akasema, "Siku hizi hunihitaji hata kidogo." Loh! Ilinichoma, na ilinifungua macho. Yeye naye alikuwa mpweke. Maabara yenye Kiingereza ilimfungia nje ya mji mzima, na nyumbani kuna mke anayecheka na majirani kwa lugha asiyoijua.

Sikumtafutia mwalimu. Nilichofanya, nilikataa kumpokea mlangoni mpaka aseme tadaima. Wiki ya kwanza alisema kwa kununa, mimi ndani "okaeri, otsukaresama!" kwa madaha yote ya pwani. Ya pili akaanza kudai lake, "Mbona leo hujaniambia itterasshai?" Pale anapovua viatu mlangoni (huingii na viatu ndani, na msalani kuna malapa yake) tukawa tunasimama tunaongea, dakika kumi, nusu saa. Jumapili tukawa tunasikiliza pamoja masomo ya Kijapani ya NHK, ambayo yapo kwa Kiswahili. Msiachane kwenye kujifunza. Mmoja akitangulia mbali, mwingine anabaki mgeni mara mbili.

Na Februari ikija msigombane bure: tarehe 14 kule mwanamke ndiye anayempa mwanamume chokoleti, mwanamume anarudisha Machi 14. Wa kwangu alikumbuka.

Bibi wa chini akikutana nami alikuwa akiniuliza, "Goshujin wa ogenki desu ka?" Bwana wako hajambo? Mwenzangu alipogundua kuwa goshujin, kama bwana yetu, maana yake pia ni mkubwa wa nyumba, alitembea kifua mbele siku mbili. Nikamwacha afurahi. Ilikuwa zamu yake kutoa takataka, na pale kila aina ina siku yake.