Apigwaye Ndiye Atozwaye Faini: Burundi na China Mbele ya Ubeberu

Ufuko wa Rumonge ni mlango wa kale wa Burundi. Wafanyabiashara wa Ujiji walifika ufukoni kwa mitumbwi wakitafuta pembe za ndovu na watumwa, lakini ufalme wa milimani haukuwafungulia njia. Rumaliza, tajiri mashuhuri wa Ujiji, alijaribu kuuvunja mlango huo kwa bunduki katika miaka ya 1880, akarudishwa nyuma na watu wa Mwami Mwezi Gisabo.

China nayo ilikuwa na mlango wake. Tangu mwaka 1757 Wazungu waliruhusiwa kufanya biashara katika bandari moja tu, Guangzhou. Waingereza walipozidi kuingiza afyuni, Lin Zexu, mjumbe wa mfalme, aliiteketeza mwaka 1839. Uingereza ilijibu kwa manowari. Kwa Mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842, China ilifungua bandari tano, ikatoa kisiwa cha Hong Kong na kulipa dola milioni 21. Ndani ya fedha hizo ilikuwamo fidia ya afyuni ile ile!

Mwaka 1881 wamisionari watatu waliuawa Rumonge, na misheni yao ikafungwa. Hapakuja jeshi, kwa kuwa mizinga ya Ulaya ilikuwa haijafika ziwani. Lakini wamisionari wawili wa Kijerumani walipouawa Shandong mwezi Novemba 1897, Ujerumani iliiteka Ghuba ya Jiaozhou kabla majuma mawili hayajatimia. Wachina walipoinuka dhidi ya wageni, mataifa manane, Ujerumani ikiwamo, yaliingia Beijing mwaka 1900. Mwaka uliofuata China ilitozwa taeli milioni 450 za fedha.

Ujerumani hiyo hiyo ndiyo iliyomkabili Mwezi Gisabo. Kapteni von Beringe alipata wasaidizi ndani ya nchi: Kilima, aliyedai haki ya ufalme, na Maconco, mkwe wa Mwami. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, Mwezi alilazimishwa kuukubali utawala wa Kijerumani, kuwatambua waasi hao wawili, na kulipa faini ya ng'ombe 424. Aliyevamiwa akamlipa mvamizi.

Maconco alifaidi nini? Mwaka 1905 aliuawa na Wajerumani wale wale aliowaongoza njia. Mwezi mwenyewe alifariki mwaka 1908 akiwa bado Mwami, lakini nchi yake haikurudi mikononi mwa wenyewe hadi tarehe 1 Julai 1962.

Ndugu msomaji, biashara na wageni si dhambi. Wakazi wa Rumonge wanaijua tangu enzi za mababu. Ubaya ni mkataba unaoandikwa mbele ya mtutu wa bunduki. Ukuta wa China na milima ya Burundi havikutosha kuuzuia, na penye ufa kati ya ndugu ndipo mgeni alipopitia.