Chumba Kilichokwama Nusu Njia



Huko Marekani, nilikojifunza ufundi, yako magari makubwa ambayo watu husafiri nayo na kulala ndani. Mengine yana chumba ambacho, gari likisimama, husukumwa nje ubavuni ili nafasi iongezeke. Safari ikianza, hurudishwa ndani.

Mara nyingine kazi hiyo hufanywa kwa mafuta. Mota ya umeme huendesha pampu, nayo pampu husukuma mafuta kupitia mipira mpaka kwenye silinda yenye pistoni. Mfaransa Blaise Pascal (1623–1662) alieleza kwamba mafuta au maji yaliyofungiwa yakisukumwa, msukumo huenea pande zote sawasawa. Fanyeni hesabu: msukumo wa kilo 100 kwa kila sentimita ya mraba, juu ya pistoni ya sentimita za mraba 20, hutoa nguvu sawa na uzito wa kilo 2,000.

Siku moja tuliletewa gari ambalo chumba chake kilikwama nusu njia. Mara nikasema, "Pampu imekufa." Fundi mkuu akacheka, akaweka mita kwenye betri. Betri ilikuwa ya volti 12, lakini pampu ilipowashwa ikashuka mpaka 9. Vichwa vyake vilijaa kutu. Tukavisugua, tukakaza nyaya, tukachaji betri. Chumba kikarudi ndani, lakini kwa kushtukashtuka. Tukapima mafuta, tukakuta yamepungua, na pampu inavuta hewa. Hewa hubonyea, ndiyo sababu chumba kilikuwa kikisita.

Basi mafuta yamekwenda wapi? Pampu ingali inanguruma, nikanyoosha mkono kupapasa mpira. Fundi akaukamata kwa nguvu. Akaniambia kwamba tundu dogo kama la sindano hurusha mafuta yakatoboa ngozi na kuingia nyamani. Jeraha huwa dogo, pengine halina hata maumivu mwanzoni, lakini asiyepelekwa hospitali upesi aweza kukatwa mkono. Akavaa miwani, akapitisha kipande cha boksi. Palipolowa ndipo palipovuja. Tukazima pampu, tukabadili mpira.

Matipa na matrekta yetu hufuata kanuni hiyo hiyo. Kwa hiyo anza na betri, fuata mafuta, pampu iwe ya mwisho kulaumiwa. Na kutafuta tundu, litume boksi, usiutume mkono.